Sina au Shina

Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili kulikuwa na kurasa mbili ambazo sasa hazimo. Nilizipenda kuliko zote. Zilihusu maneno mawili tu, "shina langu", yaliyoimbwa na mwanamke mmoja kwenye harusi hapa Mtambile mwaka 1994 na kunaswa na redio kaseti ya shangazi yangu, iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kuwa "sina langu". Kisha nikabadilisha waya wa spika, nikasikia "shina langu", na tafsiri yangu ya wimbo mzima ikageuka.

Tofauti si ndogo. Anayeimba "sina langu" ni mwanamke aliyeolewa akatoka kwao, asiye na chake kwa mume wala kwa ndugu. Anayeimba "shina langu" ana pa kushika. Matawi yakikatwa yatachipua. Na hapa Pemba neno shina halielei hewani. Mikarafuu huhesabiwa kwa mashina, hurithiwa kwa mashina, na mtu anaweza kurithi miti bila ya kurithi ardhi iliyoiotesha. Basi nikaandika, kwa raha kabisa, kwamba mwimbaji alikuwa akidai urithi wake mbele ya mashemeji huku mikono ikipiga makofi. Nikaandika kwamba wahakiki waliotangulia wamezoea kusikia kilio pale ambapo wanawake wanadai haki. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma kwa sauti mara tatu.

Mwimbaji mwenyewe alifariki zamani. Iliyobaki ni kanda.

Seti yetu ya muziki ililetwa na ami yangu kutoka Muscat, kama vilivyoletwa vitu vingi katika nyumba za hapa: amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili za mbao zenye kitambaa cheusi mbele. Amplifaya ilikaa upande wa dirisha, karibu na soketi pekee iliyokuwa ikifanya kazi, na spika upande wa pili, kwa hiyo waya ulizunguka ukuta mita 6 kila upande. Ulikuwa waya mwembamba wa kengele, mweupe zamani, wa kahawia sasa, ukiwa na viungio viwili vilivyofungwa kwa utepe mweusi. Mtu yeyote angeuonea haya.

Muuza duka wa Chake Chake aliyeniuzia waya mpya hakunidanganya. Alisema anachoamini. Alinionesha waya wa nyuzi mbili, mwekundu na mweusi, mnene kama kidole kidogo cha mtoto, akaukata ncha ili niione shaba inavyong'aa. "Huu unatoa sauti ya ndani, dada. Utasikia vitu ulikuwa husikii." Nilinunua mita 14 kwa shilingi 35,000, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuchapisha na kujalidi.

Na nikasikia. Sitaki kulipita hili haraka, kwa sababu mambo mengi yanayoandikwa kuhusu waya huanza kwa kumcheka anayesema amesikia. Usiku ule, baada ya Isha, niliweka kanda na sauti ya yule mwanamke ikatoka mbele yangu, katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na kalenda. Kabla ya hapo ilikuwa ikielea ovyo chumbani, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Bezi ya ngoma ikawa na mwili. Bibi yangu aliyekuwa ukumbini alisema, "Leo kaja hapa hapa." Bibi hakujua kuwa nimebadilisha waya. Na ulipofika ule mstari, nikaisikia sh, wazi, bila shaka yoyote.

Miezi mitatu baadaye msimamizi wangu aliandika pembeni ya kurasa zangu mbili swali la neno moja: "Umesikiaje?"

Nilidhani ni swali jepesi. Nilianza kujibu kwa aya moja kuhusu waya wa zamani na waya mpya. Lakini aya ile ilihitaji takwimu kidogo ili ionekane ya kitaaluma, na takwimu ndizo zilizonipeleka pabaya.

Waya wa spika una kazi moja, kupitisha umeme wa ishara kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika, na una kosa moja kubwa, ukinzani. Waya ukiwa mrefu ukinzani huongezeka, ukiwa mnene hupungua. Waya wangu wa kengele ulikuwa na unene wa milimita mraba nusu hivi. Kwa mita 6 kwenda na 6 kurudi, shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.4. Waya mpya wa milimita mraba 2.5 una chini ya omu 0.1. Spika zangu ni za omu 8. Ukipiga hesabu, waya wa zamani ulikuwa ukinipokonya karibu desibeli 0.4 na mpya unanipokonya karibu 0.1. Faida niliyoinunua kwa shilingi 35,000 ni theluthi moja ya desibeli. Kwa kawaida msikilizaji wa muziki huhitaji karibu desibeli moja ndipo agutuke kwamba sauti imepanda. Roger Russell, mhandisi aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya McIntosh huko Marekani, aliweka kanuni rahisi: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Asilimia 5 ya 8 ni 0.4. Waya ule wa aibu, wenye utepe mweusi, ulikuwa mpakani lakini ndani.

Jambo la pili lilinikera zaidi. Ukinzani wa namna hii haujui herufi. Hauchagui s ukaacha sh. Unapunguza karibu kila kitu kwa pamoja, kidogo, kama mtu aliyegusa kitufe cha sauti kwa bahati mbaya. Na waya wenyewe si mwisho wa safari: ndani ya spika umeme unaingia kwenye koili iliyozungushwa kwa mita kadhaa za waya mwembamba kabisa, na huo hakuna anayeubadilisha. Upande wa pili wa amplifaya, umeme unaoiendesha umefika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, zaidi ya kilomita 70, baada ya miaka ya majenereta ya dizeli. Waya huo ndio uliobadilisha sauti ya muziki Mtambile kwa kweli, maana uliifanya iwepo hadi asubuhi. Mita zangu 14 ni chache mno kuzipa sifa zote.

Wenzetu wa mbali walishagombana sana juu ya hili. Biashara ya waya wa spika wa bei kubwa ilikua Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee alipoanza kuuza waya wake mnene kwa jina la Monster Cable. Mwaka 1983 jarida la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill, ambamo wasikilizaji walilinganisha waya bila kujua upi unatumika. Waya mwembamba sana waliutambua, hasa kwa kelele ya majaribio. Lakini waya wa kawaida wa taa, ukiwa na unene wa kutosha, hawakuweza kuutofautisha na ule wa ghali walipopigiwa muziki. Mwaka 2007 James Randi, yule mwanamazingaombwe aliyetumia uzee wake kuwafuatilia wanaodai miujiza, aliahidi dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa masikio pekee waya wa kampuni ya Pear, uliouzwa dola 7,250 kwa jozi ya futi 12, na waya mwingine mzuri wa kawaida. Mwandishi mmoja wa majarida ya muziki alijitokeza. Jaribio lenyewe halikufanyika.

Nilisoma mengi ya mapitio ya nyaya hizo, na kama mwanafunzi wa fasihi nilijikuta nyumbani. Hizi ni tahakiki. Zina lugha yake: sauti ina joto, ina hewa, ina kiza nyuma ya ala, mwimbaji amesogea mbele. Sina ugomvi na sitiari. Bila sitiari hakuna atakayemwelezea Bi Kidude kwa mtu asiyewahi kumsikia. Ugomvi wangu ni kwamba katika mapitio hayo hakuna sentensi inayoweza kukosea. Mwandishi hasemi ni nini angesikia laiti asingekuwa sahihi. Waya mpya unaingia, uzuri unatoka, na jina la waya linaandikwa karibu na uzuri. Nilipofika hapo nikafungua tena kurasa zangu mbili na kukuta zimeandikwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimesema "usikilizaji wa makini unafichua". Makini kiasi gani, kwa mashine gani, mara ngapi? Sikuandika.

Na si mimi peke yangu. Tuna tahakiki nyingi za nyimbo za taarabu zinazochambua mshororo neno kwa neno na hazisemi neno hilo lilisikika kwenye nini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikapigwa Unguja, Pemba na Mrima kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono, ambazo hazina waya hata mmoja: sindano inatikisa kiwambo, kiwambo kinasukuma hewa kwenye tarumbeta. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Leo mtu anamsikia Siti kwenye simu, kwa spika ya ukubwa wa punje ya harage, na anaandika kuhusu matamshi yake kana kwamba amekaa naye jamvi moja. Chombo hakionekani kwenye ukurasa.

Aliyenirudisha chumbani ni fundi redio wa hapa Mtambile. Banda lake liko karibu na njia panda, pale barabara ya Kengeja inapoachana na ya Chake, na msimu wa karafuu hulazimika kuruka majamvi ya watu ili kufika mlangoni kwake. Nilikuwa nimeuweka waya wa zamani ndani ya mfuko nikitaka anipimie ukinzani wake kwa mita, nipate namba ya kweli badala ya hesabu yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hii takataka umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Hakupima. Alifungua utepe mweusi wa kiungio cha kwanza, akatazama, akafungua cha pili, akacheka. Ndani ya kiungio cha pili, aliyeunga alikuwa amekutanisha uzi wa alama na uzi usio na alama. Waya wa spika moja ulikuwa umepinduliwa, chanya kwenye hasi.

Wanaojua wanajua maana yake. Kwa wasiojua, ni hivi. Spika mbili zinatakiwa kusukuma pamoja na kuvuta pamoja. Moja ikipinduliwa, hii inaposukuma ile inavuta, na hewa ya katikati inabaki inasitasita. Bezi inakufa, na sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja haipati mahali pa kukaa. Inaelea chumbani kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Fundi alinionesha namna ya kukagua bila ya mita: chukua betri ya tochi, gusisha ncha mbili za waya kwa sekunde moja, tazama koni ya spika. Ikitoka nje, alama iko sahihi. Ikiingia ndani, umepindua. Tulifanya hapo hapo kwa spika yake iliyofunguliwa kifuniko. Ilitoka nje kwa mlio mdogo, tup.

Kwa hiyo bibi yangu alikuwa sahihi, na mimi pia nilikuwa sahihi, usiku ule. Sauti ilikuja "hapa hapa" kweli. Waya mpya uliniletea uzuri huo kwa sababu moja tu, kwamba nilipoufunga nilifuata rangi. Fundi aliunga upya waya wa zamani, safari hii sawa, akanirudishia, na hakutaka malipo. Alinipa na wasia: "Waya ukiwa mzima na kiungio kikiwa safi, basi. Zaidi ya hapo ni mapenzi." Aliongeza kwamba hapa kisiwani angebadilisha waya kwa sababu ya kutu ya kijani kabla ya kuubadilisha kwa sababu ya bei, maana hewa ya chumvi huila shaba, na kwamba nyaya nyingi nene za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iso nguvu ya shaba na hukatika kwenye skrubu.

Nilirudi na mfuko wangu, na sasa nilikuwa na jambo la kufanya. Mtoto wa kaka yangu, wa darasa la saba, alikubali kuwa msaidizi kwa malipo ya vocha. Kazi yake ilikuwa kurusha sarafu, kufunga waya wa zamani au mpya kulingana na sarafu, kuandika kwenye daftari na kunyamaza. Kazi yangu ilikuwa kukaa nimegeukia ukuta, kusikiliza nusu dakika ya wimbo na kusema ni upi. Duru sita za kwanza nilipata tano. Nilifurahi mno, kisha nikagundua kwamba waya mnene hauingii vizuri kwenye klipu za nyuma ya amplifaya na kila anapoufunga mtoto huguna. Nilikuwa nikitambua mguno. Tukazifuta duru zile. Tukaanza upya, kila mara akigusa waya zote mbili na kuguna mara mbili kwa heshima ya sayansi. Katika duru 12 nilipata 7. Anayebahatisha tu kwa kurusha sarafu hupata 7 au zaidi karibu mara nne katika kila kumi.

Sikusikia tofauti ya waya. Lakini, na hili ndilo lililonikosesha usingizi, katika duru zote 12, kwa waya huu na ule, niliisikia "shina".

Basi sh haikutoka kwenye waya. Ilitoka wapi?

Nilijaribu kukumbuka siku ile nilipokwenda Chake kununua waya. Asubuhi nilikuwa jikoni na bibi, akipaa samaki, na nilikuwa nikiuimba ule wimbo kama ninavyouimba siku zote nikifanya kazi. Alinisahihisha bila ya kuinua kichwa: "Shina. Weye waimba sina." Sikulitilia maanani; bibi hunisahihisha mambo mengi. Nikapanda gari, nikanunua waya, nikarudi, nikafunga, nikasikia shina, na nikaushukuru waya.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alikata sauti moja katikati ya neno la Kiingereza lililorekodiwa ndani ya sentensi, akaweka kikohozi mahali pake. Sauti aliyoikata, kwa bahati, ilikuwa s. Wasikilizaji karibu wote walisema neno limetamkwa kamili, na kikohozi hawakuweza kusema kiliangukia wapi hasa. Waliisikia s ambayo haikuwepo. Miaka sita baadaye Harry McGurk na John MacDonald walionesha kwamba mtu akiangalia midomo inayotamka silabi moja huku masikio yakipewa nyingine, anaweza kusikia ya tatu ambayo haikutamkwa na yeyote. Sikio linapokea na kukisia kwa pamoja, na halitoi taarifa ni wapi lilipoacha hili likaanza lile. Ukilijulisha mapema kwamba kuna sh, litakwenda kuichukua. Ukilijulisha kwamba waya ni wa shilingi 35,000, hali kadhalika.

Nilirudi kwa fundi na deki yenyewe safari hii, nikampa kanda. Alichofanya kilichukua dakika kumi na hakikunigharimu hata theluthi ya bei ya waya. Alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na rangi ya chai ya rangi. Kisha alichukua bisibisi ndogo na kugeuza skrubu iliyo pembeni ya kichwa, polepole sana, huku kanda ikicheza. Mwanya wa kichwa lazima usimame wima kabisa kwenye kanda. Kanda ya kaseti hupita kwa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, mwendo wa konokono, na mwanya ukiinama kidogo sauti za juu ndizo zinazozama kwanza. Nguvu kubwa ya s hukaa juu, kupita kilohezi 4 au 5. Ya sh huanzia chini zaidi, kwenye 2 na nusu hivi. Ukikata juu, s inapoteza makali yake na kuvaa nguo za sh. Kwa lugha nyingine, deki yangu kwa miaka yote ilikuwa mashine ya kugeuza sina kuwa shina, na mimi kwa miaka miwili niliweza kusikia sina kwenye mashine hiyo hiyo. Angalia uhodari wa sikio lililokwisha amua.

Aligeuza skrubu na banda likajaa mchakacho, makofi, mtoto analia mbali, bangili. Sijawahi kuzisikia bangili zile. Ningelipa 35,000 kwa ajili yake.

Nyumbani nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwaka wa kwanza. Badala ya kuusikiliza mstari wenye shaka, nilisikiliza mahali ambapo hakuna shaka. Mwimbaji anasema "salamu" mara mbili na "shoga" mara nne. Nilijifunza s yake na sh yake kama anavyojifunza mtu mwandiko. S yake ni kali na fupi; kwenye sh anavuta kidogo. Kabla ya skrubu, "salamu" ilikuwa ikisikika "shalamu", na sikuwahi kugutuka, kwa sababu hakuna neno shalamu na sikio lilinisahihishia bure. Kisha nikaenda kwenye mstari wangu.

Kwenye mstari ule, juu kabisa ya konsonanti ile, mwanamke aliyekaa karibu na kinu anapiga kigelegele.

Nilirudisha kanda mara nyingi, mpaka nikaogopa kwamba itakatika. Kigelegele kinaanza kabla ya neno na kinakwisha kwenye "-na". Hakuna s chini yake wala sh. Yaani ipo, iliimbwa, watu walioketi pale waliisikia, lakini maikrofoni ya redio kaseti ya mwaka 1994 ilichukua kilichokuwa karibu na kikubwa, na kilichokuwa karibu na kikubwa ni furaha ya jirani. Hakuna waya wa spika duniani, wa Pear wala wa kengele, unaoweza kutoa kwenye kanda kitu ambacho hakikuingia.

Nilimuuliza bibi tena, safari hii kwa heshima na daftari.

"Bibi, ule mstari, una hakika ni shina?"

"Mie nilikuwepo."

"Na yule aliyepiga kigelegele ni nani?"

Alisikiliza. Nilimrudishia mara mbili. Akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa ni yeye.

Sasa ushahidi wangu ulikuwa huu: shahidi pekee aliye hai wa konsonanti ile ndiye aliyekuwa akipiga kelele wakati inatamkwa. Aliisikia? Anasema aliisikia. Anasema mwanamke huwezi kuisherehekea "sina langu" kwa kigelegele, kwa hiyo lazima iwe shina. Hoja hiyo ni nzuri, ni ya mhakiki wa kweli, na ni bora kuliko chochote nilichokiandika kwenye zile kurasa mbili, ingawa shangazi yangu, mwenye redio, anaipinga. Anasema vigelegele vya harusini hupigwa hata kwa mafumbo machungu, na pengine hasa kwa hayo, ili anayesemwa asijue pa kutazama. Walibishana hadi Magharibi. Nimeyaandika yote mawili, kwa majina ya undugu wao tu.

Kurasa mbili nimezitoa. Mahali pake pana aya moja inayoeleza kwamba neno lina masomo mawili na kwa nini kanda haiwezi kuamua, ikifuatiwa na mabishano ya bibi na shangazi. Waya mnene bado uko ukutani, maana kuutoa ni kazi na umefungwa sawa. Ule wa zamani mtoto ameuchukua kuchezea na betri. Spika nimezisogeza, ziko karibu na kiti cha bibi sasa. Hilo alilisikia kutokea ukumbini bila kuambiwa, na analalamika.

Kwenye kiambatisho nimeorodhesha vyombo: kanda, deki, kichwa kilichosafishwa na kunyooshwa, amplifaya, spika, waya, unene wake na urefu wake. Msimamizi amerudisha sura hiyo wiki iliyopita. Sentensi ya waya ameikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba haihusiki. Ya kichwa cha deki ameiacha.